Kona ya Lesi ya Godelieve

Mke wangu Godelieve alikufa mwaka juzi, mwezi wa pili. Watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, huwa nasema alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, miaka thelathini na mmoja, na jioni alifuma lesi. Halafu naona sijasema kitu. Afadhali nieleze Jumanne moja tuliyozunguka majumba ya picha za kuchorwa, mimi na yeye, hapa hapa Brugge, Ubelgiji.

Lazima nianze na lesi, maana bila lesi tusingetoka nyumbani.

Lesi yetu hufumwa juu ya mto mgumu. Unakuwa na vijiti vingi, kila kijiti na uzi wake, unavivusha na kuvizungusha, na pini zinaishika kazi isikimbie. Godelieve alifundishwa na mama yake akiwa na miaka sita, mlangoni pa nyumba ile ile tuliyokuja kuishi baadaye, mtaa wa Mtakatifu Anna. Mama yake alimfumia mfanyabiashara mmoja. Bwana yule alikuwa mjanja. Hakumpa mwanamke mmoja nakshi nzima. Huyu alifuma utepe ulionyooka, yule wa mtaa wa pili alifuma kona, mwingine akaunganisha. Hivyo hakuna aliyeweza kufanya kazi nzima na kwenda kuiuza mwenyewe. Mama mkwe wangu alifuma utepe wa maua ya kengele miaka ishirini na mmoja na hakuwahi kuiona kona yake.

Alipokufa aliacha utepe mmoja, mita moja na robo, ndani ya karatasi ya buluu.

Kwetu bibi harusi hushika kitambaa cheupe chenye lesi pande zote nne. Jina lake hutiwa kwa sindano. Harusi ikipita kitambaa hutiwa kwenye fremu, kinatundikwa ukutani, na siku binti wa nyumba ile akiolewa kinashushwa, naye anatiwa jina lake, kinarudi ukutani. Kwa wenzetu unaweza kusoma majina manne, matano. Mama mkwe wangu aliwafumia mabibi harusi wa watu, yeye akaolewa ameshika kitambaa cha dukani. Godelieve naye vivyo hivyo. Ukutani kwetu ilikuwepo kalenda ya muuza nyama.

Kwa hiyo binti yetu Veerle alipotuambia ataolewa mwezi wa tisa, Godelieve alitoa utepe wa mama yake kabatini, akaunyoosha mezani, akajaribu kuukunja pembe kwa vidole. Ukavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

"Utepe unataka kona," akasema.

"Basi fuma kona."

"Kona gani, Achiel? Ningeijua ningekuwa nimekaa hapa nakutazama wewe?"

Alikwenda kwa wanawake watatu wanaoijua kazi. Mmoja alimwambia aukusanye kwa mikunjo kwenye pembe, watu wengi hufanya. Mmoja alisema hajawahi kuiona nakshi ile. Wa tatu alimchorea kona ya maua mengine kabisa, nzuri, ya waridi. Godelieve alimshukuru, na njiani akaniambia hiyo ni kumvisha mtu kichwa cha jirani.

Jirani yetu Palmyre, ambaye mdomo wake hauna likizo, ndiye aliyesema habari ya picha.

"Matajiri wa zamani walichorwa na lesi zao mpaka uzi wa mwisho," alisema. "Nendeni mkatazame. Mahali fulani humo yuko mwanamke amevaa maua ya mama yako, na kona zake."

Tukavaa nguo za kanisani tukatoka. Ilikuwa Jumatatu. Jumatatu majumba ya picha hufungwa. Nimezaliwa mji huu, nilikuwa na miaka sitini na tisa, na ilibidi nisome kibao mlangoni. Godelieve alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Angalau mawe umeyaona," akasema.

Mawe ya pale mlangoni niliyapanga mimi, mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kupanga mawe ya barabara, miaka arobaini juu ya magoti. Nilipanga mbele ya majumba yote ya picha ya mji na sikuwahi kuingia hata moja. Hakuna aliyenikataza. Una mchanga kwenye buti, unaona ndani sakafu inang'aa, unasema siku nyingine.

Jumanne tukarudi. Kwa wenyeji ni bure, unaonyesha kitambulisho tu. Godelieve alikuwa na mkoba wake, ndani yake lenzi ya kusomea, chakula cha mchana, na kipande cha lesi cha shibiri moja alichofuma mwenyewe kwa nakshi ya mama yake, amekibana kwa pini juu ya karatasi ya buluu. Hicho ndicho angekilinganisha na picha.

Chumba cha kwanza kilikuwa na mlinzi, mwanamama mnene mwenye redio kiunoni. Kifuani aliandikwa Rosanne. Godelieve alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya kwanza, akatoa lenzi, akainama. Kengele ikalia.

"Bibi, hatua moja nyuma tafadhali," Rosanne akasema.

"Sitaigusa."

"Kengele haijui hilo."

Kengele ililia tena picha ya tatu, na ya tano. Ya saba haikulia kwa sababu Rosanne alikuwa ameshasimama kati ya Godelieve na picha.

"Unatafuta nini, bibi? Niambie nikusaidie, kabla wenzangu hawajaja mbio."

"Lesi."

"Humu?"

"Humu."

Tulikuwa tumeshapita Mama Maria kumi na mmoja. Wote na majoho mazuri, mekundu, ya buluu, na hakuna uzi wa lesi hata mmoja.

"Maskini hawa hawakuwa na uwezo," nikasema.

"Maskini wenye lulu shingoni," Godelieve akajibu.

Rosanne akatueleza kwamba wale walichorwa mapema mno, lesi ilikuwa haijaanza kuvaliwa. "Nendeni jumba la kule ng'ambo ya daraja. Kule kuna wanawake wana kola za lesi, shingo kama sahani za keki. Hapa mtachoka bure."

Lakini hatukuondoka mara moja. Mimi nilikuwa nimeanza kufurahi. Watu hutazama nyuso, mimi nilitazama sakafu. Wachoraji wale walipenda sana sakafu. Kila mtakatifu amesimama juu ya vigae, na vigae vile mtu alivipanga. Nikaona kazi nzuri na nikaona kazi mbovu.

"Tazama huyu," nikamwambia Godelieve. "Ameanzia mlangoni. Huanzi mlangoni, unaanza katikati, ndiyo maana amefika ukutani akabaki na vipande vya kukata kama mkate."

"Amekufa miaka mia tano, Achiel. Mwache apumzike."

"Na aliyemlipa je?"

"Naye amepumzika."

Mchana tulikula kwenye benchi kando ya mfereji. Mayai ya kuchemsha, mkate na jibini, chupa moja ya bia tukagawana. Ikapita boti ya watalii, wakatupiga picha sisi na mayai yetu. Godelieve alikaa wima, akaweka mikono mapajani kama wale wa kwenye picha, akageuza uso upande. Watalii wakapiga makofi. Boti ilipopita akamalizia yai lake.

"Nami sasa nimechorwa," akasema. "Hawakuona lesi, waliona yai."

Alikuwa na miaka sitini na sita. Alikuwa na furaha siku ile kama mtu aliyetoroka kazini.

Jumba la pili, mlinzi wa chumba cha juu alikuwa Rosanne.

"Nyinyi tena," alisema.

"Wewe tena," Godelieve akasema.

"Mimi mchana nahamishiwa huku. Nyinyi mmetumwa na nani?"

Akatuonyesha wenye shingo za sahani. Godelieve alianza kazi. Sasa alikuwa amejifunza, alishika mikono mgongoni na kunyoosha shingo tu, na kengele haikulia. Alipita picha moja baada ya moja akinong'ona kama mtu asaliye. "Hapana. Hapana. Hii mchoraji amebuni, huwezi kufuma hivi, uzi unatoka wapi? Hapana. Hii nzuri, lakini hapana." Mimi nikamfuata nimebeba mkoba.

Mwisho wa chumba akasimama. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikampa karatasi ya buluu.

Ilikuwa picha ya mwanamke mnene, mavazi meusi, ameketi, kitambaa kimetandazwa magotini mwake. Pembeni mwa kitambaa ilikwenda lesi ya maua ya kengele. Godelieve alihesabu kengele kwenye kikonyo kimoja. Tano. Akahesabu za kwake. Tano.

"Ni yake," akasema. "Ni ya mama, Achiel."

"Na kona?"

Akanionyesha kwa kidevu. Lesi ilishuka vizuri upande wa kushoto, ua baada ya ua, na pale pale ambapo ingepinda, mchoraji aliweka mbwa. Mbwa mdogo mweupe, amelala usingizi juu ya kona. Kona ya pili ilikuwa chini ya mkono wa mwanamke. Mbili zilizobaki zilikwenda nyuma ya kiti.

Godelieve alirudi nyuma akakaa kwenye benchi la katikati ya chumba. Rosanne akamsogelea.

"Hujisikii vizuri, bibi?"

"Mbwa huyo anaitwa nani?"

Rosanne akasoma kibao kidogo ukutani. "Hawajaandika."

"Ningependa kumjua jina. Miaka mia nne amekaa juu ya kitu changu."

Rosanne alicheka, na Godelieve akacheka kidogo. Halafu akakunja karatasi ya buluu.

"Tutafanya mikunjo," akaniambia. "Siku ya harusi nani atatazama kona?"

Sauti ile niliijua. Ndiyo aliyotumia akijinunulia viatu vya bei ya chini na kusema vinamtosha. Sijawahi kuwa hodari wa maneno. Nikaenda chumba cha pili kutazama sakafu.

Kulikuwa na picha kubwa ya nyumba ya tajiri. Watu wanne wanakula, sikuwatazama. Chini yao kulikuwa na vigae vyeusi na vyeupe, na kuvizunguka safu ya vigae vya nakshi, majani na maua. Safu ile ilikuja kutoka mlangoni, ikanyooka, ikafika upande wa kulia, ikapinda. Nikapiga magoti. Safu ya nakshi ni kazi ngumu, ukifika kwenye pembe lazima ukate kigae, na ua linakatika shingo. Huyu hakukata ua hata moja. Maua yalikuja mpaka kwenye pembe, yakageuka yote, yakaendelea.

"Lieve," nikamwita. "Njoo umwone fundi."

"Niache na mafundi wako."

"Njoo. Kapinda kona ya maua na hajaharibu hata moja."

Alikuja, kwa sababu nilisema kona. Akasimama nyuma yangu, akatazama.

"Hakuna kona hapo," akasema.

"Ipo. Hii inakuja hivi, hii inapinda hivi."

"Hicho ni kioo, Achiel."

"Kioo gani?"

"Kioo kikubwa cha kujitazamia, kimesimama mshazari juu ya sakafu. Si unaona mguu wake wa mbao? Sakafu inaishia pale. Hiyo nyingine ni ile ile, inajiona kwenye kioo."

Nikatazama tena. Kweli, mguu wa mbao ulikuwepo, na juu zaidi mgongo wa mmoja wa wale walaji. Miaka arobaini juu ya magoti, na nimemsifia fundi kwa kazi ambayo hakuifanya. Rosanne, aliyekuwa ametufuata mpaka mlangoni, alitazama dari asicheke.

Nilingoja Godelieve anitanie. Alikuwa na haki, na mimi nilitaka acheke. Badala yake aliinama karibu na picha mpaka kengele ikalia, naye hakuisikia.

"Rosanne," akasema. "Una kioo?"

"Kioo?"

"Cha kujipaka. Wanawake wa sasa si mnatembea navyo."

Rosanne alifungua mfuko wa koti akatoa kisanduku cha poda cha pembe nne. Godelieve alikifungua, akapuliza poda, ikatua kwenye suruali yangu ya kanisani. Akaketi sakafuni. Simaanishi alipiga magoti, alikaa chini kabisa na sketi yake nzuri. Akaweka karatasi ya buluu mbele yake, akasimamisha kioo juu ya lesi, kimekaa mshazari.

Tuliinama wote watatu. Utepe ulikwenda, ukafika kwenye kioo, ukapinda.

"Umepinda zaidi ya haki," nikasema. "Umelaza kioo vibaya. Kinataka nusu ya pembe."

"Nusu ya pembe naipata wapi?"

Hilo nilikuwa nalijua. Nilichukua karatasi ya matangazo waliyotugawia mlangoni, nikaikunja kona kwa kona, kama tunavyofanya tukitaka kukata jiwe la pembeni. Nikaiweka chini ya kioo. Akakisawazisha nayo. Sasa lesi ilipinda sawasawa, kama pembe ya meza. Lakini ua lililokuwa pale pembeni lilitoka baya.

"Kengele ina matumbo mawili," Rosanne akasema.

"Naiona."

Akasogeza kioo upana wa ukucha.

"Sasa haina kichwa."

"Rosanne, mama, naiona."

Akasogeza tena. Na tena. Kila aliposogeza kona mpya ilizaliwa, nyingine zilikuwa vituko. Moja ilikuwa kama uso wa bundi, tukaicheka sana. Halafu mkono wake ukasimama. Vikonyo viwili vilikutana pale kwenye pembe, na kengele mbili zikainamiana, tano huku na tano kule, na hakuna iliyokatwa.

Nilisikia redio ya Rosanne ikikoroma kiunoni.

"Usipumue," Godelieve akaniambia. "Kalamu."

"Kalamu ya wino hairuhusiwi humu," Rosanne akasema, naye tayari alikuwa amechomoa ya risasi kutoka nyuma ya sikio. Godelieve akachora mstari mwembamba juu ya karatasi, kando ya kioo, mwanzo hadi mwisho, pale lesi inapopinda.

Ndipo akaingia bwana mmoja mwenye tai, mkubwa wa mahali pale. Akatukuta sakafuni, wazee wawili na mlinzi wake.

"Kuna nini hapa?"

Rosanne akainuka, akajipangusa magoti. "Bibi alikuwa amepoteza kitu, bwana."

"Kimepatikana?"

"Kimepatikana."

Akatutakia siku njema. Ilituchukua muda kumwinua Godelieve. Mimi nilivuta mkono mmoja, Rosanne mwingine, na yeye alikuwa anacheka, na mtu anayecheka ni mzito. Alipokuwa amesimama alimbusu Rosanne mashavuni mara tatu na kumrudishia kisanduku bila poda.

Njia ya kurudi alitembea mbele yangu. Sikuweza kumfikia. Palmyre alikuwa mlangoni kwake, na Godelieve alimwonyesha ile karatasi pale pale barabarani.

"Ah, kwa kioo," Palmyre akasema. "Shangazi yangu alikuwa anafanya hivyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza habari ya shangazi yangu."

Nilidhani Godelieve atakasirika. Alimshika Palmyre bega, akasema asante, akaingia ndani.

Jioni ilikuwa bado na mwanga mwingi, mwezi wa sita. Mlango tuliuacha wazi. Nilidhani atafuma kitambaa kipya chote, utepe na kona, na ule wa mama yake aurudishe kabatini. Lakini aliutandaza mezani na kuleta mkasi.

"Unataka kufanya nini?"

"Veerle ataolewa ameshika lesi ya bibi yake. Kona ndizo zitakuwa zangu."

"Utaukata?"

"Mama alifuma utepe mrefu kwa sababu hakuambiwa unapinda wapi. Sasa najua unapinda wapi."

Alifunga nyuzi kwanza, kila upande wa pale atakapokata, mafundo madogo sana, kwa lenzi. Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Halafu akaniambia nishike. Nilishika ncha moja kwa vidole viwili, hivi vidole vyangu, ambavyo kwa miaka arobaini havikushika kitu chepesi kuliko jiwe.

"Usivute," akasema.

"Nimeshika tu."

"Hivyo hivyo."

Akakata mara tatu. Vipande vinne vikalala mezani. Akavitazama, akavigusa kimoja kimoja, akaenda kuutoa mto na vijiti. Hatukula chakula cha moto siku ile.

Kona ya nne aliimaliza, akaiunga pande mbili na vipande vya mama yake, Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, harusi ikawa Jumamosi. Veerle alishika kitambaa kile kanisani, na siku hizi kiko ukutani kwake, mji wa Gent, na jina moja juu yake. Nikienda kwao hunipa kiti kinachokitazama. Mama wa mkwe wangu husema hawezi kuona mahali lesi ya zamani inapoishia na mpya inapoanza. Mimi napaona. Mahali pote nane.